Robin Hood wa waliofungiwa milango
Na Zuhura Mbarouk

Kila baada ya miaka kadhaa, kituo fulani cha televisheni humtoa tena Robin Hood msituni. BBC walimtoa mwaka 2006, wakaenda kupiga picha Hungary. Mishale ilikuwa tele na mapigano yalipangwa kwa ustadi, ila Sherifu wa Nottingham wakamfanya kichekesho. Hapo ndipo ninapogombana nao. Sherifu akishakuwa mtu wa kuchekwa, Robin hana tena sababu ya kulala porini.

Kwangu mimi hakuna iliyoifikia ile kongwe, The Adventures of Robin Hood, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1955 Uingereza na Marekani, Richard Greene akiwa Robin. Zilitengenezwa sehemu 143, kila moja ya nusu saa. Kazi ilikwenda mbio na fedha zilibanwa: mapambo ya studio yaliwekwa juu ya magurudumu, ukuta wa ngome ukasukumwa pembeni na shina la mti likasogezwa mahali pake, kamera zikaendelea. Mtazamaji makini atayatambua mashina yale yale yakirudi sehemu baada ya sehemu. Hayaharibu kitu, kwa sababu hadithi imesimama.

Na hadithi ilisimama kwa sababu ya walioiandika. Mtayarishaji, Hannah Weinstein, mwanamke wa Kimarekani aliyehamia Ulaya, aliwapa kazi waandishi ambao Hollywood ilikuwa imewafungia milango. Miongoni mwao walikuwa Ian McLellan Hunter na Ring Lardner Jr. Mwaka 1947 Lardner aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti, akakataa kuijibu kama alivyotakiwa. Mwaka 1950 akaingia jela kwa kosa la kulidharau Bunge. Alipotoka hakuna studio iliyothubutu kumwajiri waziwazi, na pasipoti akanyimwa. Basi miswada ya msitu wa Sherwood ikawa inaandikwa New York na kutumwa Uingereza chini ya majina ya bandia, tena yakibadilishwabadilishwa ili asitokee wa kuuliza ni nani huyo hodari asiyeonekana.

Ukiyajua hayo, itazame tena sehemu ya kwanza. Robin anarudi kutoka vitani, anakuta bwana wa Kinormani amekalia ardhi yake, na sheria aliyoitegemea imesimama upande wa mnyang'anyi. Sehemu nyingi zinazofuata zinarudia jambo moja: mwanakijiji anabanwa na askari awataje waliomo msituni. Atawachongea au atanyamaza? Hofu ile haikubuniwa mezani. Aliyeiandika alikuwa amekaa kwenye kiti kile, na marafiki zake wengine walikuwa wametaja majina ili wabaki na kazi.

Wapo wanaoipuuza kwamba ni kipindi cha watoto. Watoto waliipenda, naam. Lakini mwaka 1953, kule Indiana, mjumbe wa tume ya vitabu vya shule alitaka Robin Hood aondolewe madarasani, akidai kwamba kuwanyang'anya matajiri na kuwapa maskini ni ukomunisti. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Indiana walimjibu mwaka uliofuata kwa kusambaza manyoya ya kuku waliyoyatia rangi ya kijani. Nchi ikiwa katika hali hiyo, kumwingiza Robin sebuleni kwa watu kila wiki kulihitaji moyo, na heshima yangu kubwa naitoa kwa Weinstein, ambaye angeweza kupata waandishi wasio na matatizo.

Lardner aliishi hadi akapewa Oscar kwa filamu ya MASH ya mwaka 1970, safari hiyo kwa jina lake mwenyewe. Ile tamthilia bado inapatikana. Vituo vinavyoirusha viweke mwanzoni mwa kila sehemu majina halisi ya walioiandika, kwa herufi kubwa kama za jina la Richard Greene.