Tutunge mafumbo ya bao, tusiwaachie wazee peke yao

Leo nina hoja moja tu: kila anayejua bao aanze kutunga mafumbo ya bao na kuwagawia wenzake.

Fumbo la bao ni nini? Ni mchezo uliosimamishwa katikati. Unapanga kete, unamwambia mwenzio: "Zamu yako, shinda." Basi. Hakuna haja ya saa mbili wala ya kumtafuta mpinzani. Mwanachuo mwenye kipindi saa nane anaweza kufumbua moja akisubiri wali.

Kwa nini nalivalia njuga? Kwetu Lupiro, ng'ambo ya mto ukitokea Ifakara, wazee wanaolijua bao wanalijua kwelikweli. Mzee anakaa kimya, anahesabu kichwani, halafu anakufyeka safu yote ya mbele. Unataka kuuliza kafanyaje, kete zimeshazolewa, mchezo mwingine umeanza. Ule ujuzi haujaandikwa popote. Mzee akiondoka, kaondoka nao. Mtafiti wa Kiholanzi, Alex de Voogt, alikwenda kuwachunguza mabingwa wa Zanzibar na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima kuhusu namna wanavyofikiri. Mtu katoka Ulaya kuja kuandika, sisi tunapita tu pembeni tukibofya simu!

Na hao wa magemu ya simu nina neno nao. Mwaka 1983 Marekani kulitoka gemu la kompyuta linaitwa Lode Runner. Lilikuja na hatua 150, pamoja na sehemu ya mchezaji kujitengenezea hatua zake mwenyewe. Mchezaji akawa mtunzi. Sataranji nayo ina mafumbo yake, magazeti ya Ulaya na Marekani yameyachapa tangu karne ya 19. Bao lina mashimo 32 na kete 64, utajiri wote huo, kwa nini lisiwe na yake?

Haya, mimi naanza. Tumeshamaliza kunamua, tuko kwenye mtaji, na hakuna nyumba iliyobaki. Soma kutoka kushoto kwako:

Nyuma yake: 6 6 6 6 6 6 6 6
Mbele yake: 0 0 6 0 0 4 0 0
Mbele yako: 2 0 1 0 0 1 0 2
Nyuma yako: 0 0 0 0 0 0 0 0

Una kete 6, mwenzio ana 58. Zamu yako. Shinda sasa hivi.

Wengi watakimbilia zile 2 za kulia. Zinakula 4, lakini ukizisambaza kuanzia kichwa cha kulia, ya mwisho inaangukia shimo tupu. Umelala, na zile 6 bado zinakutazama. Dawa iko kushoto. Chukua 2 za shimo la kwanza, nenda kulia, ya mwisho inafika shimo la tatu. Unakula 6. Zisambaze kuanzia kichwa cha kushoto, ya mwisho inatua shimo la sita, unakula 4. Mbele kwake kweupe. Kwisha habari.

Najua kuna watakaosema bao si hesabu za kwenye karatasi, bao ni kibarazani, na utani, na kelele za watazamaji. Kweli kabisa. Lakini anayeogopa kucheka kwa wazee hakai kwenye kigoda hata siku moja. Fumbo linampa pa kujifunzia akiwa peke yake, bila kuzomewa. Akishaiva atakwenda mwenyewe.

Masharti yangu ni matatu. Kwanza, hesabu kete zako, zitimie 64. Pili, sema unafuata sheria zipi, maana kijiji hiki na kile hupishana. Tatu, jaribu jibu lako kwenye bao lenyewe kabla hujamtesa mtu. Ukikosa ubao, chimba mashimo chini, okota kokoto, ndivyo watoto wanavyofanya.

Halafu litume. Bandika ukutani bwenini, rusha kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Na likizo ikifika, mpelekee babu yako fumbo lako. Akilifumbua kabla hujamaliza kulipanga, mwombe na yeye akupe lake, uliandike kwenye daftari na jina lake juu.

Tuko pamoja. Nasubiri ya kwenu.