Wageni wa kujitolea Kyela: Nani hubadilika, nani hubaki na kazi?

Na Mwandishi Wetu, Kyela

KATIKA ufukwe wa Matema, pale milima ya Livingstone inaposhuka hadi kugusa maji ya Ziwa Nyasa, si jambo geni kukutana na kijana kutoka Ujerumani, Uingereza au Marekani akinunua chungu cha Wakisi katika gulio la Lyulilo na kumshukuru muuzaji kwa maneno mawili ya Kinyakyusa: ndaga fijo.

Baadhi ya vijana hao ni watalii. Wengine wamekuja kujitolea: kufundisha Kiingereza na sayansi, kusaidia wodini, kuchimba msingi wa darasa au kupaka rangi ukuta wa shule.

Safari yenyewe imekuwa rahisi kuliko zamani. Uwanja wa ndege wa Songwe ulioanza kutumika Desemba 2012, pamoja na barabara ya lami ya Kikusya–Ipinda–Matema, vimeifupisha njia ambayo awali, hasa wakati wa masika, ilimtoa mgeni jasho. Anayetaka kuja kwa wiki mbili tu sasa anaweza, na hapo ndipo mjadala unapoanzia.

Wageni si wapya katika ukanda huu. Wamisionari wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky, na wenzao wa Moravian, walifika kaskazini mwa ziwa mwaka 1891. Wanaanthropolojia Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Unaweza kuwalaumu watu hao kwa mengi, hususan wale wa kwanza, ambao ujio wao uliambatana na ukoloni. Lakini walikaa muda wa kutosha kujifunza lugha, na kwa hiyo kusahihishwa na wenyeji.

Mwaka wa Uhuru walikuja wa aina nyingine. Kundi la kwanza la Peace Corps ya Marekani lililofika Tanganyika mwaka 1961 lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, kwa kazi ya barabara ambayo nchi changa haikuwa na wataalamu wa kuifanya. Shirika hilo liliondoka nchini mwaka 1969 na kurejea mwaka 1979. Utaratibu wake ni wa kukaa miaka miwili hivi, baada ya mafunzo yanayojumuisha Kiswahili.

Hata muda huo hauondoi tatizo. Machi 2020, kutokana na ugonjwa wa corona, Peace Corps iliwarudisha nyumbani wafanyakazi wake wa kujitolea wote, zaidi ya 7,000 kutoka nchi zaidi ya 60, katika muda wa siku chache. Shule zetu zilipofunguliwa tena katikati ya mwaka huo, mwalimu wa Kimarekani hakuwapo, na ratiba ya fizikia ikabaki na vipindi vitupu.

Ni dhahiri kuwa hakuna wa kulaumiwa kwa janga lile. Hata hivyo, lilifichua jambo ambalo halmashauri nyingi hazikupenda kulitazama: pengo lililozibwa na mgeni lilikuwa limehesabiwa kama pengo lisilokuwapo.

Kwa upande wa majengo, hoja ya kumsafirisha kijana kutoka Ulaya ili aje kubeba matofali imekwisha nguvu. Kati ya mwaka 2021 na 2022, Serikali ilijenga madarasa 15,000 nchini kwa sehemu ya mkopo wa Sh trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Yalijengwa kwa miezi michache, kwa mikono ya mafundi wa maeneo husika. Fundi wa Ipinda hahitaji kuonyeshwa namna ya kushika mwiko na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, ambaye nyumbani kwao asingeruhusiwa kujenga hata banda la kuku.

Kinachokosekana ni mwalimu. Na hapa ndipo neno kujitolea linapotuumbua wenyewe.

Tanzania ina vijana wengi waliohitimu ualimu na hawajapata ajira. Mapema mwaka 2025 walimu wasio na ajira walijitokeza hadharani kupitia umoja wao, NETO, kudai nafasi. Baadhi ya wahitimu wa namna hiyo wanafundisha bila mshahara, wakitegemea posho ndogo inayochangwa na wazazi. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, wakuu wa shule wamekuwa waangalifu mno na michango, hivyo hata posho hiyo haina uhakika.

Huyo naye ni mfanyakazi wa kujitolea. Anajua mtaala, anajua lugha, anakaa mwaka mzima. Hakuna anayempiga picha. Nauli ya ndege ya kwenda na kurudi ya mgeni mmoja ingeweza kumlipa posho kwa miezi mingi, na hesabu hiyo haihitaji mtaalamu wa uchumi.

Hali ni hiyo hiyo katika maji. Tathmini za visima na mabomba ya vijijini zilizofanywa nchini katika miaka ya 2000 na 2010 zilionyesha kuwa sehemu kubwa havikuwa vikitoa maji. Pampu huzinduliwa kwa shangwe, kisha kipuri kinakatika na hakuna aliyeachiwa fedha wala ujuzi wa kukibadilisha. Wakala wa maji vijijini, RUWASA, ulioanzishwa mwaka 2019, pamoja na vyombo vya watumia maji, ndio wanaorithi mitambo hiyo, pamoja na ile ambayo hawakushirikishwa kuichagua.

Je, mgeni mwenyewe hupata nini? Hupata mengi, na hilo si aibu. Mpango wa Ujerumani wa weltwärts, ulioanzishwa mwaka 2008, hujieleza waziwazi kuwa ni huduma ya kujifunza. Kijana mwenye umri wa miaka 18 hadi 28 hukaa kati ya miezi sita na 24, na wengi hukaa mwaka mmoja. Mwaka 2013 mlango ulifunguliwa upande wa pili, vijana wa nchi za Kusini wakaanza kwenda Ujerumani.

Kijana aliyelala mwaka mzima katika nyumba ya mwalimu, akala wali wa Kyela na kuugua malaria, harudi kwao akiwa yule yule. Lakini kama Kyela ni shule yake, basi mama aliyempokea na muuguzi aliyemwelekeza ni walimu wake. Ni nadra kwa mwenyeji kuambiwa hivyo. Yeye huambiwa amekuja kusaidiwa.

Eneo moja halihitaji subira. Mkoa wa Mbeya umeumizwa sana na Ukimwi. Utafiti wa mwaka 2016-17 ulikuta maambukizi ya takriban asilimia tisa, karibu mara mbili ya kiwango cha kitaifa. Yatima wengi walilelewa na bibi na shangazi. Kituo cha yatima kinachopokea wageni wa wiki mbili mbili humfanya mtoto azoee mtu, aachwe, azoee mwingine. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio linalotaka madhara ya kujitolea katika vituo hivyo yadhibitiwe. Fedha za kuendesha kituo zingefika mbali zaidi mikononi mwa bibi.

Sheria haikosekani. Mgeni wa kujitolea anapaswa kuwa na kibali, na kibali cha ukaazi daraja C kinamhusu. Ila kibali hukagua pasipoti. Hakiulizi kama kazi yenyewe iliombwa na kijiji. Swali hilo ni la kamati ya shule na serikali ya kijiji, ambazo kwa ukarimu wa Kinyakyusa huona vigumu kumwambia mgeni asije, au aje kwa tarehe nyingine.

Tarehe si jambo dogo. Makundi mengi hufuata likizo ya vyuo vyao. Linalofika katikati ya Juni hukuta shule zimefungwa na wazazi wako mashambani wakivuna mpunga. Watoto hukusanywa, wimbo huimbwa, rangi hupakwa. Julai shule zinafunguliwa, na mbele ya ukuta huo mpya anasimama yule mhitimu asiye na mshahara, akiandika ubaoni.