Ndege ikiruka chali, desa letu linaanguka

Mwangaluka wadau! Kwa wasiojua Kisukuma, hiyo ni salamu ya asubuhi. Najua naandika saa nne usiku, lakini salamu ya kwetu haina muda, ipokeeni tu. UE zinakaribia, vimbweta vimejaa, watu wanapiga msuli mpaka macho mekundu, na mimi nimekaa nawaandikia habari za ndege za kuchezea. Mtanivumilia, maana naona hili linatuhusu sana sisi wa ualimu wa sayansi, hasa tunaosubiri kupangiwa shule.

Hoja yangu ni hii: tukienda kufundisha fizikia tuwajengeshe wanafunzi ndege ndogo. Na tuanzie na zile za kizamani, zinazojengwa kwa mkono kwa kufuata mchoro. Drone za dukani zisubiri kwanza.

Ngoja nieleze nikisema za kizamani namaanisha nini. Kuna watu duniani wanajenga ndege ndogo zenye mabawa ya kama mita moja na nusu, za mbao nyepesi ya balsa, zinaongozwa kwa redio kutoka chini, na kazi yake ni sarakasi tu: kupiga mduara angani, kubiringika, kuruka chali. Mchezo huu una historia ndefu. Mwaka 1937 kule Michigan, Marekani, mapacha wawili, Walter na William Good, walirusha ndege yao waliyoiita Guff ikiongozwa kwa redio. Leo ipo makumbusho ya Smithsonian. Redio nyingi za mwanzo zilikuwa na amri moja tu! Unabonyeza kitufe, mpira uliosokotwa unafunguka kidogo, usukani wa mkia unageuka. Basi. Hakuna kuongeza moto, hakuna kupandisha pua. Ukikosea unaenda kuokota vipande.

Mwaka 1960 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya sarakasi za ndege hizi, Dübendorf, Uswisi, na Mmarekani Ed Kazmirski akashinda na ndege yake Orion. Mwaka 1967 kule Corsica akashinda Phil Kraft na Kwik Fli. Mwaka 1977 ikawa zamu ya Hanno Prettner wa Austria na Curare. Michoro ya ndege kama hizi ilichapishwa kwenye magazeti, na mtu yeyote mwenye wembe, gundi na subira aliweza kuijenga nyumbani. Mpaka leo kuna wazee na vijana wanaozijenga upya. Marekani wana chama kinaitwa Senior Pattern Association ambacho mashindano yake ni ya ndege zilizobuniwa kabla ya 1976. Wanarudi nyuma makusudi!

Mtaniuliza, sasa hayo yanahusiana nini na Kalemela? Subirini, nafika. Kwanza tumalizane na desa.

Kumbukeni tulivyofundishwa kwa nini ndege inapaa. Bawa limebinuka juu na ni bapa chini. Hewa inagawanyika mbele ya bawa, ya juu ina safari ndefu kuliko ya chini, na kwa kuwa ni lazima zikutane nyuma kwa wakati mmoja, ya juu inakimbia zaidi, presha inapungua, ndege inanyanyuliwa. Chora mchoro, andika Bernoulli, chukua maksi zako. Wengi wetu tumepita hapo, na desa hilo hilo linazunguka steshenari zote za hapa chuo.

Sasa chukua ndege ya sarakasi ya miaka ile. Bawa la wengi wao lilikuwa na mgongo na tumbo vinavyofanana, kama mbegu ya boga ukiitazama kwa ubavu. Safari ya juu na ya chini ni sawa kabisa. Kwa maelezo ya desa, ndege hiyo isipae. Lakini inapaa! Halafu rubani wake aliyesimama chini anaigeuza chali, magurudumu yanaangalia mawingu, anasukuma kijiti cha rimoti mbele kidogo, na ndege inaendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Kama kubinuka kwa juu ndiko kunakoinyanyua, ikiwa chali si ingevutwa ardhini?

Kinachotokea ni kwamba bawa linaikabili hewa kwa pembe kidogo, linaisukuma hewa kwenda chini, na hewa nayo inalisukuma bawa kwenda juu. Newton, sheria ya tatu, msingi kabisa. Presha ya juu ya bawa ni kweli inakuwa ndogo kuliko ya chini, na hewa ya juu ni kweli inakimbia zaidi, kwa hiyo Bernoulli mwenyewe hana kosa. Uongo upo kwenye ile "lazima zikutane kwa wakati mmoja". Hakuna sheria yoyote inayolazimisha hivyo, na ukipitisha moshi kwenye bawa unaona hewa ya juu inafika nyuma mapema kuliko mwenzake. Kubinuka kwa bawa kunasaidia, lakini siyo sababu ya ndege kupaa.

Kwangu hapa ndipo penye uzito. Sisi tutasimama mbele ya watoto sabini, tuandike ubaoni kitu ambacho kipande cha karatasi kinaweza kukikanusha, na watoto watakikariri kwa sababu mwalimu kasema. Na wao wakija kuwa walimu watalipeleka mbele. Mnaona mnyororo huo? Hakuna atakayeukata kama hakuna anayerusha kitu.

Turudi Kalemela sasa. Kwetu ni mkoa wa Simiyu, upande wa ziwani. Juu yetu vinapita vindege vidogo vya watalii vikielekea Serengeti, na watoto wanavipungia mikono kila siku. Nani kawaambia vinapaa kwa nini? Na watoto hao hao ni mafundi, jamani. Mpe mtoto wa Kisukuma bua la mtama, waya na kandambili iliyochakaa, baada ya saa moja anakuletea gari lenye springi. Ndege pia wanatengeneza, za mabua na maboksi, panga la mbele likizunguka kwa upepo wakati mtoto anakimbia nayo. Kitu kimoja tu wanakosa: mtu wa kuwaambia ukiweka uzito kidogo kwenye pua, hiyo ndege itaondoka mkononi.

Badala yake wanakutana na nini? Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja ambayo siitaji, nilikuta ndege za mabua na maboksi zimerundikwa kona ya ofisi pamoja na manati na mipira ya soksi. Zimekamatwa. Mwenzangu mmoja akaniambia "hao wanacheza badala ya kusoma". Kwenye ubao wa ofisi hiyo hiyo imebandikwa ratiba ya kipindi cha fizikia, mada: kituo cha uzito. Nilicheka, lakini iliniuma. Zana ya kufundishia imekamatwa kama bangi, halafu mwalimu anaingia darasani mikono mitupu!

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote pale kwenye kimbweta. La kwanza: vifaa hakuna, balsa inatoka Ecuador, injini na rimoti vitameza bumu lote. Ni kweli, rimoti ni ghali. Na ukishatia rimoti sheria nayo inaingia: chombo kisicho na rubani ndani kinahitaji kibali, TCAA wana kanuni zake tangu 2018, na Wizara ya Ulinzi inahusika. Ukiwa jirani na Serengeti kama sisi ndiyo kabisa usijaribu kimya kimya. Lakini nani kasema tuanze na rimoti? Hata hao wakongwe, kabla ya redio kuwepo, watu walikuwa wanarusha ndege za kutupa kwa mkono. Fizikia yote ya msingi ipo kwenye bawa na mkia. Redio inakuja baadaye kuamrisha tu.

Vifaa vipo. Kiwiliwili: bua kavu la mtama. Mabawa: manila kadi, ile ile tunayochorea zana za kufundishia, au lile povu jeupe gumu linalokuja kwenye maboksi ya TV. Uzito wa pua: udongo wa mfinyanzi. Kama unataka mti wa kuchonga, kuna ule mwepesi unaoota majini pembezoni mwa ziwa, wataalamu wanauita Aeschynomene elaphroxylon. Wavuvi wameutumia miaka mingi kama maboya ya nyavu. Unaelea kama kizibo na unakatika kwa wembe. Hiyo ndiyo balsa yetu, ipo bure.

Somo lenyewe liko hivi. Kata bawa bapa kabisa, halijabinuka juu wala chini. Weka mkia wa kulala na wa kusimama. Iweke ndege kwenye ncha za vidole viwili, chini ya bawa, kama robo au theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele. Ikiinama nyuma ongeza udongo puani mpaka itulie. Hapo umeshafundisha kituo cha uzito na momenti bila kufungua kitabu. Sasa itupe taratibu. Ikipandisha pua, ikasita, ikadondoka, uzito uko nyuma mno au mkia umekunjwa sana kwenda juu. Ikichimba moja kwa moja, kinyume chake. Rekebisha kitu kimoja kwa wakati, andika, rudia. Hiyo ndiyo mbinu ya kisayansi tunayoitungia insha kila semesta.

Ikishateleza vizuri, pima. Tuseme umeiachia kwenye kimo cha mita 1.5 ikatua mita 9 mbele. Gawanya: 6. Kama iliteleza kwa utulivu bila kupunguza mwendo, hiyo 6 ndiyo uwiano wa nguvu inayoinyanyua na nguvu ya hewa inayoizuia. Ukiitupa kwa nguvu unaidanganya hesabu, na watoto watagundua wenyewe, watabishana, na ubishi ule ndio somo. Mwisho igeuze chali, kunja ukingo wa nyuma wa mkia kuelekea upande wa pili, itupe tena. Inaruka! Bawa bapa, limepinduliwa, halina safari ndefu popote. Umefanya kwa manila alichofanya Kraft kule Corsica, na desa limeanguka lenyewe mbele ya darasa zima.

Jibu la pili: mitihani. Mwalimu anapimwa kwa ufaulu, muda wa kurusha ndege haupo. Hili nalikubali nusu. Silabasi ni ndefu na madarasa yamejaa. Lakini Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, na mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024 vinaimba umahiri kila ukurasa. Umahiri wa kukariri mchoro wa bawa ni upi? Vipindi viwili vya ndege vinagusa kituo cha uzito, momenti, nguvu, na sheria za Newton. Niambieni manila gani iliyochorwa kwa maka pen inabeba mada nne.

La tatu ndilo linanikera: "hayo ya wazungu, siye tutengeneze madawati kwanza". Wadau, mwaka 2018 drone ya DHL, kwa kushirikiana na Wingcopter na GIZ, ilikuwa inabeba dawa kutoka Mwanza kwenda Ukerewe, kilomita 60, kwa wastani wa dakika 40. Ziwa letu hilo hilo. Ilikuwa majaribio ya miezi sita, na jina lililoandikwa ubavuni halikuwa la fundi wa Simiyu. Sisemi walikosea kuja, dawa ni dawa. Nauliza tu, siku vyombo hivyo vikirudi kwa wingi, vijana wetu watakuwa wanavijenga au watakuwa wanavipungia mikono?

Na kwa nini nasisitiza za kizamani? Drone ya mabawa manne inakaa hewani kwa sababu kompyuta ndogo ndani yake inairekebisha mara mamia kila sekunde. Mtoto akiachia rimoti inatulia yenyewe. Nzuri kwa kupiga picha za harusi, lakini fizikia yote imefichwa kwenye kisanduku. Ndege ya kizamani haifichi kitu. Ikianguka sababu unaiona kwa macho: bawa limepinda, mkia umelegea, pua nyepesi. Na ikivunjika gundi inatosha.

Kwa hiyo naomba kutoa hoja. Sisi tunaokwenda BTP, kila mmoja abebe ndege moja ya manila kwenye begi lake pamoja na andalio la somo. Wahadhiri wetu wanaokuja kutukagua watupe maksi za zana kwa kitu kinachofanya kazi, siyo kwa uzuri wa rangi. Na walimu mlioko kazini huko, kabla ya kuzichoma zile za kwenye kona ya ofisi, jaribuni kwanza kuweka udongo kwenye pua.

Anayepinga aje kimbweta cha tatu karibu na mwembe, Jumamosi jioni. Aje na manila yake.