Ufunguo Mmoja kwa Milango Yote: Nani Ameshika Amana Zetu za Mtandaoni?



Katika nyumba nyingi za visiwani kwetu limo daftari lenye ukurasa mmoja usioonyeshwa wageni. Humo zimeandikwa nywila: ya barua pepe ya kijana anayeomba mkopo wa chuo, ya akaunti ambayo mama huongelea na mwanawe aliye Muscat, na pengine hata namba ya siri ya pesa za simu. Nyumba isiyo na daftari hilo ina mpwa au mjukuu anayezijua zote kwa kichwa. Bi mkubwa humkabidhi simu na kumwambia, "Hebu niingizie, mwanangu." Basi, mlango umefunguliwa.

Sasa makampuni makubwa ya mtandao yanatwambia kuwa zama za nywila zinakwisha. Mwezi Mei 2022 Apple, Google na Microsoft yalitangaza kwa pamoja kuwa yatasukuma mbele njia ya kuingia bila nywila, na Oktoba 2023 Google ikaifanya njia hiyo kuwa ya kwanza kupendekezwa kwa wenye akaunti zake. Jambo hili limeshafika mikononi mwa watoto wetu. Tunaona ni vyema familia zilielewe kabla hazijabonyeza "kubali".

Kwa nini nywila imechoka

Nywila za kompyuta zilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika chuo cha MIT, Marekani, pale watu wengi walipokuwa wakitumia kompyuta moja na kila mmoja akitaka mafaili yake yasiguswe. Fernando Corbató, aliyeongoza kazi hiyo, alikiri mwaka 2014 kuwa katika mtandao wa leo nywila zimegeuka jinamizi. Mtu mmoja anatakiwa akumbuke nywila ishirini au thelathini. Hawezi, kwa hiyo hutumia moja kila mahali, na mara nyingi ni jina la mtoto na mwaka aliozaliwa.

Hapo ndipo panapovuja. Mwaka 2017 Yahoo ilikiri kuwa wizi uliotokea mwaka 2013 uligusa akaunti zake zote, bilioni 3. Mwizi akipata nywila yako mahali pamoja huijaribu kwengine kote. Na tapeli hana haja hata ya kuvunja: hutengeneza ukurasa unaofanana na ule wa benki au wa kampuni ya simu, akakutumia ujumbe wa kukutisha, nawe ukaiandika nywila kwa mkono wako mwenyewe.

Njia mbili mpya

Ya kwanza ni kuingia kwa akaunti moja. Ukifungua programu mpya unaambiwa "ingia kwa Google" au "ingia kwa Facebook". Programu ile haikuulizi nywila. Inamuuliza mdhamini wako, naye anajibu: huyu ni fulani, namjua. Ni kama mgeni anayefika kijijini akapokelewa kwa sababu sheha amemdhamini.

Ya pili ni ufunguo wa siri unaokaa ndani ya simu. Hapa funguo ni mbili zinazoendana. Mmoja hupewa ile tovuti, na huo hata ukiibiwa haumfai mwizi. Wa pili hubaki kwako. Ukitaka kuingia, simu inathibitisha kuwa ufunguo unao, baada ya wewe kuweka kidole au namba ya kufungulia simu. Alama ya kidole chako haitumwi kwenye tovuti, inabaki ndani ya simu. Na kwa kuwa ufunguo umefungamana na anuani halisi ya tovuti ile, ukurasa wa tapeli hata ukifanana vipi hauwezi kuupata.

Kwa upande wa usalama, tunasema wazi: njia hizi ni bora kuliko daftari, na ufunguo wa siri ndio bora zaidi. Kuchukua sababu ni katika mafunzo ya Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), aliyemwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza kisha ndio ategemee. Anayekataa kufuli bora kwa sababu tu ni geni hajawa mcha Mungu zaidi.

Lakini hatari haikufutika. Imehama mahali.

Mlango mmoja ukifungwa

Septemba 2018 Facebook ilitangaza kuwa wadukuzi wamechukua vibali vya kuingilia akaunti za watu. Kwanza ilikisia milioni 50, kisha ikasema ni kama milioni 30. Aliyekuwa akitumia akaunti hiyo kuingilia kwengine alikuwa na haki ya kuhofia milango yake yote kwa siku moja.

Karibu zaidi na sisi, ndugu zetu wa Lamu na pwani ya Kenya wanaikumbuka Julai 2023. Tovuti ya eCitizen, ambamo serikali imekusanya maelfu ya huduma zake, ilishambuliwa na kuzorota. Wasafiri walikwama na viza zao, na hata kununua umeme kwa simu kukawa na taabu. Hakuna aliyeibiwa ufunguo, lakini mlango ulikuwa mmoja, na watu wote walibaki nje.

Pia kuna swali la nani hapewi ufunguo kabisa. Kenya ilipoleta Huduma Namba, jumuiya ya Wanubi ilikuwa miongoni mwa waliokwenda Mahakama Kuu wakihofia kuwa wasio na vitambulisho watazidi kusukumwa pembeni. Januari 2020 mahakama ilitaka kwanza iwepo sheria madhubuti. Tanzania nayo ilianza kufunga laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole baada ya tarehe 20 mwezi huohuo. Kila huduma inapoegemea kitambulisho kimoja, mzee wa Pemba asiyekuwa nacho, au ambaye mashine haisomi vidole vyake vilivyochakaa kwa jembe na kamba za nyavu, hukosa kila kitu kwa mpigo. Hili viongozi waulizwe, tena kwa adabu na bila kuchoka. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019. Ya Tanzania ilitungwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023.

Simu ya nyumba nzima

Linalotutia wasiwasi zaidi liko ndani ya nyumba zetu. Njia hizi mpya zimebuniwa kwa kudhani kuwa simu ni ya mtu mmoja. Kwetu simu ya mama imesajiliwa vidole vya watoto watatu na shemeji. Zamani aliyefungua simu alikuwa bado anahitaji nywila. Sasa kidole kinachofungua simu ndicho kinachofungua barua, picha za wanawake wa nyumba, na baadhi ya akaunti za fedha.

Allaah ('Azza wa Jalla) ameamrisha katika Suwrat An-Nisaa, aayah ya 58, amana zirudishwe kwa wenyewe, na katika Suwrat An-Nuwr, aayah ya 27, ametukataza kuingia nyumba za watu bila ya idhini. Mwenye kuijua namba ya siri ya mwenzake amebeba amana. Kuijua si ruhusa ya kuitumia, sawasawa awe mume, mtoto au mpwa.

Basi tunashauri haya. Ondoeni kwenye simu vidole visivyo vya mwenyewe. Akaunti ile moja inayofungua nyingine ipewe ulinzi wa kwanza: ufunguo wa siri, na njia ya kuirejesha iwapo simu itatumbukia baharini. Msiiegemeze kwenye laini ambayo haitumiki, kwani laini iliyolala muda mrefu hufungwa na namba yake huweza kupewa mtu mwengine. Namba ya kuthibitisha inayokuja kwa ujumbe asitajiwe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni.

La mwisho ni mauti. Tumewaona wanaokimbilia simu ya marehemu na kutoa pesa kabla hajazikwa. Pesa hizo zina haki za wadai na warithi, na huenda ndani yake mna fedha za upatu za watu. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametuhimiza anayemiliki cha kuusia asilale bila wasia ulioandikwa. Aandike basi akaunti alizonazo na kilicho cha watu ndani yake, bila kuandika namba za siri, ili warithi waende kwa njia ya mahakama wakijua wanachokitafuta.

Tunamuomba Allaah atujaalie kuwa wenye kuchunga amana zetu na za wenzetu. Na Allaah Anajua zaidi.