Tohara ya Agosti yawarejesha Wabukusu Matulo

AGOSTI ya kila mwaka wa shufwa, kama ilivyokuwa 2022 na 2024, Wabukusu walio mbali na nyumbani hukabiliwa na uamuzi mgumu: mvulana apelekwe hospitalini mjini, au arejeshwe Matulo na vijiji vingine vya Bungoma atahiriwe mbele ya ukoo?

Kwa waliohamia Kitale baada ya uhuru wa 1963, mashamba ya walowezi yalipogawanywa na kuuzwa, safari ni fupi. Aliye Nairobi hupiga hesabu: nauli, chakula cha wageni, busaa, ujira wa ngariba.

Hospitali ina ganzi na vifaa safi, na hapo haina mshindani. Lakini haina mjomba. Kimila, mvulana huenda na njuga zake kumwalika ndugu wa mamaye, ambaye humchinjia mnyama na kumvisha nyama shingoni. Alfajiri ya siku yenyewe hupakwa tope mtoni, kisha hurudi kusimama wima uani kwa babake.

Baadhi ya wazazi wamechagua kisu cha daktari na sherehe ya kijijini. Wazee washikilia mila hawaridhiki. Kwao, anayetahiriwa akiwa amelala hajaonyesha ujasiri. Hoja hiyo ina uzito, ila mtoto wa Nairobi asipoletwa Agosti, atamjua mjomba wake lini?