Naipingo tumekalia mzizi wa mlima, halafu tunakariri Alps

Nimekuwa kimya kwa majuma matatu. Nilikuwa nyumbani, Naipingo, wilayani Nachingwea, ambako mtandao unaupata vizuri ukipanda kwenye kichuguu kilicho nyuma ya nyumba ya mjomba. Nilikwenda kupumzika. Nimerudi na swali ambalo halinipi usingizi, na aliyeliuliza ni mzee ambaye hata jina lake sikuliandika kwenye daftari langu.

Ilikuwa hivi. Mjomba alikuwa na safari ya Ruangwa kwa shemeji yake, nikaamua kumsindikiza. Tulipofika tukakuta kuna mkutano wa kijiji kuhusu fidia ya mashamba ambayo yatachukuliwa kwa ajili ya uchimbaji wa kinywe. Kwa wale ambao hawafuatilii habari za kusini, kinywe ni yale madini meusi, laini, yanayopaka mikono masizi. Ndicho kile cheusi kilichomo ndani ya penseli. Siku hizi kinatafutwa sana kwa sababu ya betri za simu na za magari yanayotumia umeme, na Ruangwa kipo kingi: Matambarale, Chilalo, Nachu. Majina ya vijiji vyetu yanasomwa kwenye masoko ya hisa ya Australia.

Mkutanoni, baada ya maswali mengi ya mikorosho inalipwa kiasi gani na mbaazi kiasi gani, mzee huyo akasimama. Akauliza: "Samahani wanangu. Hiki kinywe mkishakimaliza, kitaota tena baada ya miaka mingapi?"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka, msomi mwenye shahada na kitambulisho cha uandishi wa habari. Aliyekuwa mbele akatabasamu, akasema, "Hakioti, mzee," kisha akarudi kwenye mikorosho.

Jioni tukiwa njiani, mimi na mjomba tumebanana kwenye bodaboda moja, akaniambia sikioni: "Mpwa wangu, nyie mlicheka. Haya, wewe umesoma. Kinatoka wapi?"

Nikaanza kusema habari za volkano. Sentensi haikufika mbali.

Lazima nikiri jambo hapa. Mwaka jana niliandika habari ya kinywe gazetini na humo nikasema madini hayo "yalirushwa na volkano za kale". Hakuna mhariri aliyeshtuka. Aliyeshtuka ni mjiolojia mmoja ambaye alinipigia simu asubuhi yake, akanicheka kwa adabu, kisha akatumia dakika arobaini za salio lake kunieleza. Nilimsikiliza nusu nusu kwa kuwa nilikuwa nawahi habari nyingine. Baada ya lile swali la mjomba nilimpigia mwenyewe, na safari hii nilikuwa na kalamu. Ninachoandika hapa kimetokana na mazungumzo hayo na kusoma kwangu baadaye.

Tuanze na dunia yenyewe. Kutoka hapa tulipo mpaka katikati yake ni kilomita 6,371. Ganda la juu, hili ambalo tunalilima na kulichimba, chini ya bara kwa kawaida ni kama kilomita 35 hadi 40 tu. Chini yake kuna tabaka nene la mwamba linaloshuka mpaka kilomita 2,900 hivi, na ndipo unapokutana na kiini cha chuma, cha nje kikiwa kimeyeyuka na cha ndani kikiwa kigumu. Wengi wetu tunadhani kwamba ukitoboa ganda unakuta uji wa moto. Sivyo. Lile tabaka la kati kwa sehemu kubwa ni mwamba mgumu, lakini mwamba wa moto mno kiasi kwamba unatambaa polepole. Fikiria lami ya Barabara ya Mandela saa nane mchana. Ukiikanyaga ni ngumu, lakini malori yakiipita mwaka mzima inajikunja na kufanya mawimbi. Mwamba wa chini unatambaa namna hiyo, na vipande vya ganda lililo juu yake vinasogea kwa mwendo unaokaribia ule wa kukua kwa kucha zako.

Mwendo wa kucha unaonekana kama si kitu. Upe miaka milioni mia.

Zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, hapa kwetu palikuwa na bahari. Haikuwa hii ya Lindi na Mtwara. Ilikuwa bahari nyingine kabisa, iliyotenganisha vipande vya mabara ambavyo leo ni sehemu za Afrika, Madagaska na India. Kwenye sakafu yake palijikusanya tope, na ndani ya tope hilo mabaki ya viumbe vidogo vya majini, maana wakati huo hapakuwa na mti wala mnyama nchi kavu. Viumbe hivyo vilikuwa na kaboni, kama mimi na wewe. Kisha vile vipande vya mabara vikasogeleana, bahari ikafungwa, na kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita vikagongana. Ndipo likaundwa bara kubwa ambalo wataalamu wanaliita Gondwana. Mahali pa kugongana palikunjamana na kuinuka milima ambayo wajiolojia wanaifananisha na Himalaya. Eneo hilo leo linaitwa Mkanda wa Msumbiji, na linatoka huko Msumbiji, linapita kwetu na kwenda mpaka Kenya na Ethiopia. Tanzanite ya Mererani imo kwenye mkanda huohuo.

Lile tope likasukumwa chini, kilomita ishirini na zaidi, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 600. Halikuyeyuka lote. Lilipikwa na kukandamizwa mpaka likawa mwamba mwingine, na kaboni yake ikajipanga upya katika vipande vyembamba vinavyong'aa kama magamba ya samaki. Hicho ndicho kinywe. Mjomba, kama unasomewa hii na binti yako: kinatoka kwenye tope la bahari lenye viumbe waliokufa, likapikwa chini ya mlima.

Sasa kama kilipikwa kilomita ishirini chini, mbona leo mtoto anakiokota juu akichunga mbuzi?

Hapa ndipo niliposhika kichwa. Kiko juu kwa sababu hizo kilomita ishirini zilizokuwa juu yake zimeondoka. Mvua, jua, upepo na mito vimeumumunya mlima mpaka ukaisha. Na kila ulipopungua juu, mzizi wake ulipanda kutoka chini, kama jahazi linavyopanda majini likishushwa shehena. Kwa hiyo Ruangwa na Nachingwea tumekaa kwenye mzizi wa mlima ambao haupo tena. Sehemu ambazo zilikuwa ngumu zaidi ndizo zile zilizobaki zimesimama peke yake, kama ile milima ya mawe pale Masasi ambayo kila abiria wa basi anaipiga picha.

Ile milima ya Masasi na ndugu zake ina kisa kingine. Mwishoni mwa karne ya 19, Mjerumani Wilhelm Bornhardt alizunguka kwenye koloni lao la Afrika Mashariki akiandika habari za miamba. Mwaka 1900 alichapisha kitabu na humo akaipa jina milima ya namna hii inayochomoza ghafla kwenye tambarare: Inselberg, yaani mlima kisiwa. Jina hilo likaenea duniani. Leo mwanafunzi wa Brazil au wa Australia akijifunza milima kisiwa, anatumia neno ambalo lilizaliwa kwa kutazama nchi yetu.

Mimi nilisoma sekondari katika mkoa huuhuu wa Lindi. Jiografia ya dunia ya ndani tuliikariri kwa Kiingereza ambacho hata mwalimu wetu kilimtoa jasho. Ukiulizwa mifano ya milima ya kukunjamana unajibu Alps, Andes, Himalaya. Nilipata alama nzuri sana. Hakuna siku hata moja tuliyotolewa darasani kwenda kutazama jiwe lililokuwa nje ya dirisha, na jiwe hilo lilikuwa na mikunjo inayoonekana kwa macho.

Najua kuna atakayesema, sawa, kijana, hadithi tamu, lakini mkulima wa korosho itamsaidia nini? Sheria inasema madini ni mali ya Jamhuri. Fidia inalipwa kwa ardhi na mazao, wala haiongezeki kwa kuwa umejua habari za Gondwana. Ni kweli. Ila nina sababu za kubisha.

Ya kwanza ni ugomvi. Kijijini nilikuta ndugu wawili hawasalimiani. Shamba la mmoja limetobolewa mashimo ya utafiti na litalipwa, la mwingine linapakana nalo na halikuguswa. Maneno yaliyokuwa yakizunguka ni kwamba mmoja kawahonga wapimaji, na mengine siwezi hata kuyaandika hapa. Jibu la kitaalamu ni fupi. Tabaka za lile tope zilikunjwa wakati wa kugongana, kama mkeka uliosukumwa kutoka pande mbili, kwa hiyo kinywe kinapita ardhini kwa mistari iliyolala upande. Mstari unaweza kupita kwa Hamisi na kumruka Saidi. Kama mtu mmoja angechora mkeka huo chini kwa kijiti mbele ya mkutano, pengine wale ndugu wangekuwa wanakula pamoja.

Ya pili ni pesa. Kinywe hakina bei moja. Vipande vikubwa vina bei nzuri kuliko vidogo, na ukubwa wa kipande hutegemea sana jinsi mwamba ulivyopikwa, joto kiasi gani na kwa muda gani. Huko Matambarale kuna mgodi unaoitwa Lindi Jumbo, na hiyo "jumbo" ni daraja la vipande vikubwa sana. Halmashauri hukusanya ushuru wa huduma kwa kutazama mauzo. Serikali kwa sheria ya madini ina hisa zisizopungua asilimia 16. Sheria hiyohiyo inataka kampuni ikubaliane na halmashauri mpango wa kila mwaka wa kuihudumia jamii. Diwani asiyejua kwamba vipande vina madaraja atasoma taarifa ya mauzo kama ninavyosoma mimi cheti cha maabara. Ataangalia mhuri.

Na ya tatu, nikubaliane na yule mzee, ni muda. Swali lake lilikuwa ndilo swali pekee la jiolojia lililoulizwa siku ile. Korosho inaota tena, ufuta unaota tena. Kwa mkulima ni halali kabisa kuuliza kama na hiki kinaota. Jibu lake lilitakiwa kuwa: hakitaota, kilichukua mamia ya mamilioni ya miaka, mgodi huu umepangwa kuishi miaka kadhaa, na baada ya hapo litabaki shimo la kina fulani hapa, na maji yake yataelekea kule. Alijibiwa maneno mawili.

Tusidhani serikalini ndiko wanakojua kila kitu. Nachingwea kuna nikeli, Ntaka Hill. Hiyo kweli ilitoka chini zaidi, na uji wa moto uliopanda kutoka kwenye lile tabaka la kati na kupoa njiani (volkano yangu ningeiweka hapa nisingekosea sana). Leseni ya kuhifadhi eneo hilo ilifutwa baada ya mabadiliko ya sheria na kanuni ya 2017 na 2018, wawekezaji wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2023 Tanzania ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 100. Mwaka 2024 pande mbili zilimalizana kwa dola milioni 90. Nikeli bado imo ardhini haijachimbwa. Nilipowauliza vijana pale stendi ya Nachingwea kuhusu kesi hiyo, wawili kati ya saba walikuwa wameisikia.

Na Nachingwea ndiyo hiyohiyo ya mradi wa karanga wa Waingereza. Mwaka 1946 ujumbe wa Wakefield ulitumia wiki tisa kuitazama Tanganyika, sehemu kubwa kwa ndege, ukasema karanga zitastawi. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa na zaidi ya pauni milioni 30 zimepotea. Kule Kongwa udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa kama saruji, ukavunja majembe ya matrekta. Udongo ni mwamba uliosagika. Hawakuutazama.

Ninachotaka si kikubwa. Kabla fidia haijazungumzwa, mkutano upewe saa moja ya maelezo, kwa Kiswahili, na mtu anayejua, akiwa na mawe mkononi. Yale mawe ya mviringo marefu kama miwa yanayotolewa kwenye mashimo ya utafiti yaonyeshwe watu ambao yametoka chini ya mashamba yao, na machache yapelekwe shule za jirani yakae darasani.

Mwezi ujao kuna mkutano mwingine Ruangwa. Nimemwomba yule mjiolojia wangu wa kwenye simu twende naye, tumtafute yule mzee tumjibu swali lake. Amekubali. Ila amesema nauli na chakula ni juu yangu, na kwamba habari nitakayoandika aisome kwanza yeye kabla ya mhariri.