Muziki wa simu: Ubora upi unaifaa familia yako?

Zamani kidogo, kununua muziki hakukuwa na maswali mengi. Mtu alishika njia hadi River Road, akalipia kanda yake na kurudi nyumbani kuitia kwenye redio. Kama kanda ilikuwa ya bandia, iliyonakiliwa kutoka kwa nyingine iliyonakiliwa, sikio lilimwambia papo hapo. Siku hizi mambo yamegeuka. Muziki unapakuliwa kwa simu, na kabla ya wimbo kuingia unaulizwa: je, wataka ubora wa chini, wa kati au wa juu? Wengi hubonyeza palipo karibu na kidole, ilhali swali hilo linahusu pesa za bando, nafasi iliyo kwenye simu na hata urithi wa jamaa zetu, kama tutakavyoona.

Tuanze na nambari zenyewe. Ukiona wimbo umeandikwa 128, 192, 256 au 320, hizo ni kilobiti kwa sekunde, yaani kiasi cha habari za sauti kinachosomwa kila sekunde wimbo unapocheza. Kadiri nambari inavyopanda, ndivyo sauti inavyokaribia ile ya studio, na ndivyo faili inavyokuwa nzito. Diski ya CD, kwa kulinganisha, husoma kilobiti 1,411 kila sekunde.

Sasa chukua kalamu. Wimbo wa dakika 4 wa kilobiti 128 ni karibu megabaiti 4. Wimbo huohuo kwa kilobiti 320 ni karibu megabaiti 10. Ukiwa jinsi ulivyo kwenye CD, unafika megabaiti 42. Kwa hivyo, bando ya gigabaiti 1 itakupa nyimbo 260 hivi za daraja la kwanza, au takriban 100 za daraja la pili, au 23 tu za CD. Mzazi anayeshangaa bando aliyoinunua Jumamosi asubuhi imekwenda wapi kabla ya chakula cha jioni, huenda jibu likawa hapo.

Lakini je, wimbo wa megabaiti 42 unawezaje kuwa megabaiti 4 na bado ukachezeka? Mtindo wa MP3 ulibuniwa nchini Ujerumani, na miongoni mwa wataalamu wake wakuu alikuwa Karlheinz Brandenburg wa taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen. Walichofanya ni kuchunguza udhaifu wa sikio la binadamu. Simama Kamukunji mafundi wa jua kali wanapogonga mabati, kisha umwambie jirani jambo kwa kunong'ona. Hatasikia neno. Sauti kubwa imeifunika ndogo. MP3 hutafuta sauti kama hizo zilizofunikwa ndani ya wimbo na kuzitupa, kwa kuwa sikio halingezisikia. Brandenburg aliupima mtambo wake kwa wimbo “Tom's Diner” wa mwimbaji wa Marekani, Suzanne Vega, kwani sauti ya mtu mmoja anayeimba bila ala yoyote ilidhihirisha makosa upesi. Jina .mp3 lenyewe lilichaguliwa mwaka wa 1995.

Taabu huanza nambari inaposhushwa mno. Hapo mtambo hulazimika kutupa hata sauti ambazo sikio lingezisikia. Za kwanza kuumia ni zile kali na za haraka: matoazi, makofi, herufi “s” kinywani mwa mwimbaji, na hasa kayamba. Sikiliza wimbo wenye kayamba kwa kilobiti 64, utadhani mbegu zile zimetiwa majini.

Je, familia ichague nini? Inategemea unachosikiliza, unakosikiliza na chombo unachotumia.

Kwa mazungumzo, mahubiri, masomo ya chuo au hadithi za watoto, kilobiti 64 zinatosha kabisa. Sauti ya mtu anayezungumza haihitaji mengi.

Kwa kijana anayesikiliza muziki ndani ya matatu, kwa spika ndogo za masikioni, kilobiti 128 hadi 192 zinamtosha. Ngurumo ya injini na makelele ya makanga yatameza tofauti iliyopo. Akitumia spika isiyo na waya, ajue kwamba aghalabu sauti hubanwa tena ikiwa njiani kutoka kwa simu, na faili nzito haitamfaidi sana.

Kwa sebuleni penye redio nzuri, au kwa mwenye hedifoni bora katika chumba kilichotulia, kilobiti 256 hadi 320 ni sawa. Hata wauzaji wakubwa walifika hapo polepole. Duka la iTunes lilipofunguliwa mwaka wa 2003 liliuza nyimbo za kilobiti 128 kwa mtindo wa AAC, na mwaka wa 2007 likaanza kuuza za 256. Kumbuka pia kwamba AAC, ambao ni mtindo wa baada ya MP3, hutoa sauti safi zaidi kwa nambari ileile, hasa nambari zikiwa ndogo. Kwa hivyo usilinganishe nambari pekee bila kutazama aina ya faili.

Wale wanaosikiliza moja kwa moja mtandaoni nao wana hesabu yao. Saa moja ya kilobiti 96 hula megabaiti 43 hivi, na saa moja ya kilobiti 320 hula megabaiti 144. Ukiupenda wimbo kiasi cha kuusikiliza kila siku, ni nafuu kuupakua mara moja mahali penye Wi-Fi kuliko kuuvuta upya kila asubuhi.

Sasa tufike kwenye mtego unaowanasa wengi. Mtu ana wimbo wa kilobiti 128, anapata programu inayoahidi kuugeuza uwe wa 320, naye anafurahi kuona faili imenenepa. Amenunua mfuko mkubwa wa kutilia unga uleule. Kilichotupwa hakirudi, maji yakimwagika hayazoleki. Isitoshe, kila mara faili ya MP3 inapofunguliwa na kubanwa upya, kitu kingine kidogo hutupwa, kama vile barua inayotolewa kopi kutoka kwa kopi hadi maandishi yakafifia. Ndiyo maana nyimbo nyingi zinazosambazwa bure na watu wasiojulikana huandikwa 320 ilhali sauti yake ni ya kopo. Anayenunua kwa muuzaji halali hujua chanzo cha wimbo wake, na msanii naye hupata riziki yake.

Upo mtindo mwingine, uitwao FLAC, uliotolewa mwaka wa 2001. Huu hupunguza ukubwa wa faili bila kutupa chochote. FLAC ni kukunja shati ili litoshe sandukuni. Ukilikunjua ni lilelile. MP3 ni kukata mikono ya shati ili sanduku lifungike. Kwa wimbo wetu wa dakika 4, FLAC aghalabu huwa kati ya megabaiti 20 na 30. Kwa simu iliyojaa picha za watoto, huo ni mzigo. Lakini kuna jambo moja ambalo kwalo mzigo huo ni lazima kuubeba.

Katika nyumba nyingi kuna kanda iliyofichwa ndani ya droo. Ni ya arusi ya wazazi mwaka wa 1986, au ya kwaya ambayo nusu ya waimbaji wake wamekwenda mbele ya haki, au ya nyanya akiimba nyimbo za kubembeleza ambazo wajukuu wa Umoja na Buruburu hawazijui tena. Wimbo wa dukani ukiharibika utaununua mwingine. Sauti ya nyanya hakuna anayeiuza. Na kanda haingoji: utepe huzeeka, hunata, hukatika, nazo redio za kuichezea zinazidi kuadimika.

Kijana wa nyumbani anayejua tarakilishi akipewa kazi ya kuihamisha, jambo la kwanza alifanyalo lisiwe kuibana iwe MP3 ndogo ili aitume kwa jamaa wote jioni hiyohiyo. Kwanza airekodi kwa ubora wa CD, katika faili ya WAV au FLAC. Kanda ya dakika 60 itachukua megabaiti 635 kwa WAV, na pungufu ya hapo kwa FLAC. Hiyo ndiyo nakala mama. Aiweke mahali pawili tofauti, mathalani kwenye tarakilishi na kwenye diski ya nje inayotunzwa kwa shangazi. Baada ya hapo ndipo atoe nakala za MP3 za kugawa. Nakala ndogo ikipotea, ataitoa nyingine kutoka kwa mama. Lakini kanda ikishatupwa na nakala ndogo ikawa ndiyo pekee iliyobaki, kile kilichotupwa kimekwenda moja kwa moja, na fundi wa kesho, hata awe hodari namna gani, hatakuwa na pa kukitoa. Akitaka kuwatumia jamaa nakala nzima kwa WhatsApp, aitume kama hati, wala asicheze kanda mbele ya simu na kuirekodi kama ujumbe wa sauti.

Kwa wanaobishana nyumbani kuhusu ubora, hapa pana mchezo wa Jumapili alasiri. Chukua wimbo mmoja wa CD, utoe nakala mbili, moja ya kilobiti 128 na nyingine ya 320, zenye sauti iliyopandishwa sawasawa. Mmoja acheze bila kutaja ni ipi, wengine waandike jibu, mara kumi. Atakayepata tano kati ya kumi amebahatisha tu, na hana sababu ya kulipia bando kubwa zaidi. Atakayepata tisa au kumi ana masikio, apewe haki yake. Msishangae watoto wakiwashinda wazazi, kwani uwezo wa kusikia sauti nyembamba hupungua kadiri umri unavyosonga.

Basi kabla ya kubonyeza, jiulize maswali mawili. Nitausikilizia wapi wimbo huu? Na je, ukipotea, naweza kuupata tena? Jibu la kwanza likiwa ni matatu, na la pili likiwa ndiyo, chukua ule mdogo na ubaki na shilingi zako. Jibu la pili likiwa la, usibane hata kidogo.

Jumapili njema.